Mwangwi Unaosomwa

Somo la Historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Yule aliyechaguliwa kuwa msomaji wa darasa leo na asome polepole, na wenzake wafuate kwa kidole. Kabla ya kuanza, mwalimu aandike ubaoni maneno matatu. La kwanza ni mwangwi, yaani sauti inayorudi baada ya kugonga kitu. La pili ni dharura, yaani jambo lisiloweza kungoja kesho. La tatu ni altrasaundi. Hilo tutalielewa tukiwa njiani.

Nawaombeni kwanza mfikiri jambo hili. Ni usiku, katika kituo cha afya kilicho mbali na mji. Wameletwa vijana wawili walioanguka na pikipiki moja. Wote wawili wanalalamika tumbo. Wote wawili hawana jeraha kubwa, ngozi imechubuka tu. Mmoja ameumia nyama za nje, na akipumzika siku chache atapona. Mwenziwe amepasuka wengu, kile kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kushoto, na damu inamwagika ndani ya tumbo lake bila tone hata moja kuonekana nje. Hospitali yenye daktari wa upasuaji iko mwendo wa saa tatu kwa gari. Gari ni moja, na lina nafasi ya machela moja tu. Muuguzi wa zamu amesimama kati ya vitanda viwili. Je, ampeleke nani?

Zamani jibu lilipatikana kwa kungoja. Yule aliyekuwa akivuja damu ndani alianza kupauka, jasho la baridi likamtoka, na moyo ukaenda mbio. Mara nyingi, ugonjwa ulipojulikana, wakati wa kumsaidia ulikuwa umekwisha kupita. Somo la leo ni habari ya namna wanadamu walivyopata njia ya kutazama ndani ya tumbo bila kulipasua, na jinsi njia hiyo ilivyotoka baharini na viwandani, ikaingia hospitali kubwa, na mwisho ikafika kando ya kitanda cha mgonjwa wa shamba.

Popo na sauti isiyosikika

Nyote mmepata kumwona popo akiruka gizani. Hagongi ukuta wala mti. Katika mwaka wa 1793, huko Italia, mtaalamu mmoja aliyeitwa Lazzaro Spallanzani alianza kulichunguza jambo hilo. Aliona kwamba popo aliyepofushwa macho aliendelea kuruka vizuri kama kwanza. Daktari mmoja wa Geneva, Louis Jurine, akaziba masikio ya popo, na sasa popo wakawa wanagonga vitu. Basi ikaonekana kwamba popo huona kwa masikio! Wataalamu wengi wa siku hizo hawakukubali maneno hayo, maana chumba kilikuwa kimya. Masikio yangesikia nini?

Jibu lilikawia sana. Katika mwaka wa 1938 Donald Griffin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitumia chombo kilichobuniwa na mwalimu George Pierce, akatambua kwamba popo hupiga kelele nyingi akiwa anaruka. Lakini kelele hizo ni nyembamba mno, hata sikio la mwanadamu haliwezi kuzisikia. Kelele hugonga ukuta, hurudi kama mwangwi, na popo hujua ukuta uko wapi na ni mbali kiasi gani. Sauti za namna hiyo, zinazopita uwezo wa masikio yetu, ndizo ziitwazo altrasaundi.

Kutoka baharini mpaka kiwandani

Wakati huo wanadamu nao walikuwa wamekwisha kujifunza kutumia sauti hizo, ingawa kwa njia nyingine. Katika mwaka wa 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba mawe fulani maangavu, kama lile liitwalo kwatsi, yakibanwa hutoa umeme kidogo. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba yakitiwa umeme hutikisika. Tazameni faida yake. Jiwe linalotikisika hutoa sauti, na jiwe hilohilo likipigwa na sauti hutoa umeme. Kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa kinywa na sikio pia.

Mwezi wa Aprili mwaka 1912 meli kubwa iliyoitwa Titanic iligonga mlima wa barafu baharini, ikazama, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Watu wakaanza kuuliza kama mwangwi usingeweza kuwaonya mabaharia. Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza, na nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli kwa siri. Mtaalamu wa Ufaransa, Paul Langevin, akatumia mawe ya kwatsi kupeleka sauti chini ya maji na kuupokea mwangwi wake. Baadaye viwanda navyo vikachukua maarifa hayo. Sauti ikipelekwa ndani ya chuma kizima hupita moja kwa moja. Ikikuta ufa, hurudi. Basi mafundi waliweza kujua kwamba pipa la mvuke lina ufa ndani kabla halijapasuka na kuua watu.

Madaktari waazima mashine za mafundi

Sasa tunafika penye jambo linalotuhusu. Katika mwaka wa 1953, mjini Lund katika nchi ya Sweden, daktari Inge Edler alitaka kujua hali ya moyo kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Yeye na mwenziwe Hellmuth Hertz, mtaalamu wa fizikia, walikwenda kuazima mashine ya kupimia chuma iliyokuwa katika kiwanda cha meli mjini Malmö. Wakaielekeza kwenye kifua, na mwangwi wa moyo unaopiga ukaonekana.

Huko Scotland, katika mji wa viwanda wa Glasgow, alikuwako profesa wa ukunga aliyeitwa Ian Donald. Katika Vita Kuu vya Pili alikuwa daktari katika jeshi la anga la Uingereza, akapata kujua habari za rada. Tarehe 21 Julai 1955 alipakia ndani ya magari mawili uvimbe wa namna mbalimbali uliokuwa umetolewa katika matumbo ya wanawake kwa upasuaji. Akaupeleka kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, kilichotengeneza mapipa ya mvuke. Mafundi wakaleta mashine yao ya kutafuta nyufa, na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganisha. Ikaonekana wazi kwamba uvimbe wenye maji hutoa mwangwi wa namna moja, na uvimbe wa nyama tupu hutoa mwangwi wa namna nyingine.

Donald akaendelea na kazi pamoja na fundi kijana Tom Brown na daktari John MacVicar. Katika siku zile waliletewa mwanamke mmoja ambaye madaktari walikwisha kukata tamaa naye. Walidhani ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha kwamba kilichojaza tumbo lake ni mfuko mkubwa wa maji uliotoka katika ovari. Alipasuliwa, mfuko ukaondolewa, naye akapona. Habari hizo zilichapishwa tarehe 7 Juni 1958 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Mwanamke yule hakutibiwa na mashine. Alitibiwa na kisu cha daktari. Lakini pasipo mashine, kisu kisingekuja.

Swali moja tu

Miaka ikapita, na mashine zikawa bora. Lakini zilikuwa kubwa, zilikaa katika chumba chake maalumu, na picha zilisomwa na wataalamu wachache. Mgonjwa ndiye aliyepelekwa kwenye mashine. Sasa fikirini yule kijana wa pikipiki. Kumsukuma mtu anayevuja damu katika vyumba virefu, akangoje zamu yake, ni kumpotezea dakika alizobakiwa nazo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa upasuaji, hasa wa Ujerumani, walianza kuileta mashine kwa mgonjwa, na wao wenyewe wakaishika. Walifanya jambo la busara sana: walipunguza maswali. Hawakuuliza ni kiungo gani kimepasuka, wala kimepasuka kwa kiasi gani. Waliuliza swali moja tu: Je, iko damu mahali pasipostahili kuwa na damu? Ndiyo au siyo?

Swali hilo lajibiwa hivi. Maji na damu mbichi havirudishi mwangwi, kwa hiyo katika kioo cha mashine huonekana vyeusi. Mtu akilala chali, damu iliyomwagika tumboni hushuka mahali palipo chini, kama maji ya mvua yanavyokusanyika bondeni. Basi mchunguzi hupaka jeli juu ya ngozi, akaweka kile kishikwacho mkononi mahali pane: karibu na ini upande wa kulia, karibu na wengu upande wa kushoto, chini penye kibofu, na chini ya kifua ili autazame moyo. Mwenye mazoezi hahitaji zaidi ya dakika chache.

Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha miji ya Armenia, na watu wapatao 25,000 walikufa. Waliotolewa chini ya mawe waliletwa hospitali kwa mamia. Katika hospitali moja mjini Yerevan, katika muda wa saa 72 za kwanza, madaktari walichunguza kwa altrasaundi majeruhi 400 kati ya 750 walioingia, na kila mmoja alichukua dakika kama nne. Hiyo ilikuwa ni ileile habari ya gari moja na wagonjwa wawili, ila hapa wagonjwa walikuwa mamia na vyumba vya upasuaji vilikuwa vichache. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Marekani nao wakaishika njia hiyo, na mwaka 1999 wataalamu wa nchi mbalimbali wakachapisha makubaliano juu ya namna ya kuifanya.

Mashine yawa ndogo

Katika mwaka wa 1996 Idara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa fedha ili itengenezwe mashine ya altrasaundi ya kuchukuliwa vitani. Kutokana na kazi hiyo ikatokea mashine ya SonoSite, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Uzito wake haukufika kilo 3, nayo ilitumia betri. Mwaka 2018 kikaanza kuuzwa kifaa kiitwacho Butterfly iQ, kinachoshikwa kwa mkono mmoja na kuunganishwa na simu. Bei yake ya kwanza ilikuwa karibu dola 2,000. Hizo bado ni fedha nyingi kwa kituo cha shamba, lakini mashine za hospitali ziligharimu mara nyingi zaidi.

Basi mashine ikawa yaweza kubebwa mfukoni. Je, nani ataisoma? Hapa, wanafunzi wapenzi, ndipo habari hii inapowagusa ninyi.

Mkumbuke siku ya kwanza mlipofungua kitabu. Mliona nini? Mliona alama nyeusi juu ya karatasi nyeupe, basi. Macho yenu hayakuwa na ubovu wowote, lakini alama hazikusema nanyi. Leo alama zilezile zinasema. Na kioo cha altrasaundi ni vivyo hivyo. Asiyefundishwa huona ukungu, weusi na weupe. Aliyefundishwa huona ini, figo, na ule ukanda mweusi kati yake ambao ni damu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kusoma kioo hicho ni kazi ya daktari bingwa peke yake. Nchi jirani zetu zimeonyesha kwamba sivyo.

Huko Rwanda, mwaka 2008, madaktari wa kawaida wa hospitali mbili za shamba, Rwinkwavu na Kirehe, walifundishwa altrasaundi. Ilipohesabiwa, kati ya kila wagonjwa 100 waliopimwa, matibabu ya wagonjwa 43 yalibadilishwa kwa sababu ya yale yaliyoonekana. Mara nyingi badiliko lenyewe lilikuwa ni kuamua kwamba mgonjwa apasuliwe.

Huko Uganda, katika hospitali ya Nyakibale, wilaya ya Rukungiri, walikwenda hatua moja mbele. Hospitali hiyo haikuwa na daktari wa kukaa muda wote katika chumba cha dharura. Tangu mwaka 2009 wauguzi walifundishwa kuwahudumia wagonjwa wa dharura, na altrasaundi ilikuwa miongoni mwa masomo yao. Picha walizopiga zilipelekwa kwa mtandao wa intaneti kwa madaktari waliokuwa mbali sana, nao wakazitazama na kurudisha masahihisho, kama mwalimu anavyosahihisha madaftari yenu. Hivyo muuguzi aliendelea kujifunza akiwa palepale kazini kwake.

Nchini Tanzania, idara ya dharura ya hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura yakaanza Dar es Salaam mwaka huohuo. Altrasaundi kando ya kitanda ni sehemu ya kazi yao.

Macho peke yake hayatoshi

Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kueleza mambo mazuri tu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi tano: Kongo, Kenya, Zambia, Guatemala na Pakistan. Katika maeneo fulani ya shamba, wanawake wajawazito walipimwa kwa altrasaundi na wahudumu waliofundishwa. Katika maeneo mengine hawakupimwa. Kisha hesabu zikalinganishwa. Idadi ya waliokwenda kujifungulia hospitali haikuongezeka, wala vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikupungua.

Kwa nini? Uchunguzi huo ulikuwa wa kliniki za wajawazito, si wa chumba cha dharura, wala hausemi kwamba altrasaundi haina maana. Lakini watupa onyo. Mama akiambiwa kwamba kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto, naye hana nauli, au barabara imekatika kwa mvua, au hospitali haina damu ya kumwongezea, basi amejua hatari yake bila kuondolewa hatari hiyo. Kuona ni mwanzo wa kazi. Gari, barabara, damu na mikono ya daktari ndiyo kazi yenyewe.

Tena mashine ina mipaka yake. Sauti hizi hazipiti vizuri katika mfupa wala katika hewa. Damu kidogo iliyoanza kuvuja yaweza isionekane. Kwa hiyo jibu la "hakuna" halina maana ya "mwende nyumbani". Maana yake ni "hatujaona bado, tumtazame tena".

Turudi kwa vijana wetu wawili

Sasa tumrudie muuguzi wetu. Safari hii tumpe mfukoni kifaa alichofundishwa kukitumia. Anampaka jeli kijana wa kwanza. Mahali pote pane hapana weusi wowote wa kutia shaka. Anampaka wa pili. Kando ya wengu anaona ukanda mweusi, na mwingine karibu na ini. Haongezi swali. Anapiga simu hospitali ili damu na chumba cha upasuaji vitayarishwe, na kijana wa pili anawekwa kwenye machela. Yule wa kwanza halali peke yake. Kila baada ya muda anapimwa mapigo ya moyo, na kabla ya alfajiri tumbo lake linatazamwa tena.

Na msidhani kwamba hayo ni ya ajali tu. Mwanamke mwenye mimba changa, pengine hata hajajijua kuwa ana mimba, aweza kupatwa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, akaona kizunguzungu na kuanguka. Yawezekana mimba imetunga nje ya kizazi na mrija wa uzazi umepasuka. Naye pia damu humwagika ndani bila kuonekana, naye pia kioo kile chaweza kumsemea. Lakini kioo hakiwezi kumsemea akiwa amefungiwa nyumbani, anapewa dawa za minyoo. Mtu aliyeanguka au kugongwa akauma tumbo, na mwanamke mwenye dalili nilizozitaja, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama nje ya mwili haoni jeraha.

Wanafunzi wapenzi, tangu popo wa Spallanzani mpaka muuguzi wa Rukungiri ni zaidi ya miaka 200. Wengi wa watu tuliowataja waliazima kitu cha kazi nyingine wakakitumia kwa kazi mpya. Lakini mashine ilipokwisha kuwa ndogo, kilichobaki ni mtu wa karibu aliyekubali kukaa darasani ajifunze kusoma upya, akiwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto. Nadhani mtu huyo hamhitaji kuelezwa jinsi alivyo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini popo aliyezibwa masikio hugonga vitu, na aliyezibwa macho hagongi?
2. Damu huonekana kwa rangi gani katika kioo cha altrasaundi, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini lilikuwa jambo la busara kuuliza swali moja tu badala ya maswali mengi?
4. Kituo cha afya kilicho karibu nanyi kikipata mashine hiyo kesho, ni mambo gani mengine yatakayohitajika ili mgonjwa apone? Andikeni matatu, kila mtu kwa mkono wake.

Kwaherini mpaka somo lijalo.